Likizo ya Kumuuguza Mwenyekiti

Asubuhi hiyo Mwenyekiti alikutwa kwenye zulia la mapokezi, amelala ubavu, mdomo ukifunguka na kujifunga, uchi kama alivyozaliwa.

"Amekufa?" meneja aliuliza mlangoni, mkoba ukimponyoka.

"Bado, bosi," alijibu katibu muhtasi, aliyekuwa amekwisha kupiga magoti. "Ila usipige kelele. Atashtuka."

Mwenyekiti alikuwa samaki. Mnene, rangi ya chungwa, macho yamemtoka kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele za watu. Aliishi kwenye tangi la kioo nyuma ya meza ya mapokezi, na meneja aliamini kwa moyo wake wote kwamba ofisi ile ya bima ilisimama kwa baraka za samaki huyo. Wafanyakazi nao walisimama, lakini kwa miguu yao, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuwashukuru.

Katibu alilowesha viganja kwanza, asije akamtoa ule utelezi unaomkinga, akamnyanyua taratibu na kumtia ndooni. Ndoo ilikuwa pale pale kando yake, imejaa maji ya tangi. Meneja alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpa angalau mfanyakazi mmoja anayefikiri mbele.

Kisha akamgeukia mfagizi, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi.

"Shangazi, nani kafungua mfuniko wa tangi?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nimefagia, nimepiga deki, basi."

"Samaki hana mikono, Shangazi."

"Na mimi sina ugomvi na samaki."

"Akifa huyu, utatafuta pengine pa kufagia."

Shangazi alirudi kwenye ufagio wake. Ana wajukuu nyumbani, na wajukuu hawali majibu.

Katibu aliinamia ndoo. "Pezi limechanika. Magamba ya ubavuni yametoka. Anataka maji yake peke yake, chumvi kidogo, giza, na mtu wa kumwangalia usiku na mchana asije akaota ukungu. Hapa simu zinalia kutwa, bosi. Hatapona."

"Umeyajulia wapi yote haya?"

"Marehemu baba alikuwa akifuga."

Meneja hakusita hata kidogo. Alimpa likizo yenye mshahara mpaka mgonjwa apone. Muungwana yule! Ni yeye huyo huyo ambaye wiki iliyotangulia aliombwa likizo na katibu huyo huyo, mama yake alipotoka hospitali na nyonga iliyovunjika. Siku ile alijibu kwa upole, bila hata kuinua macho: "Mama yako si ana watoto wengine? Mimi nina katibu mmoja tu." Lakini kiongozi lazima ajue kupima uzito wa mambo. Mama za watu wako wengi.

"Dereva atakupeleka," alisema sasa, akiisindikiza ndoo hadi garini. "Aende polepole. Kwenye matuta asimame kabisa."

Kuanzia hapo alipiga simu kila siku. Amekula? Amelala? Anageuka vizuri? Wafanyakazi waliagizwa wamwombee Mwenyekiti kabla ya kuanza kazi. Mhasibu, aliyefiwa na mjomba wake mwezi ule akapewa nusu siku ya kumzika, ndiye aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi meneja alikwenda mwenyewe nyumbani kwa katibu kumjulia hali mgonjwa, kopo la chakula kizuri mkononi.

Chumba kilikuwa na pazia lililoshushwa nusu. Juu ya stuli palikaa beseni kubwa, taulo limefunika upande mmoja, pampu ndogo ya hewa ikikoroma. Kando ya ukuta kulikuwa na kitanda, na kitandani mama wa katibu, miguu imepandishwa juu ya mito, nywele zimesukwa upya.

"Karibu, mwanangu," mama alisema, uso ukimchangamka. "Umejisumbua kuja kunitazama! Mungu akuzidishie."

"Ah, mama... pole sana. Nilisema lazima nifike."

"Na zawadi juu!"

Meneja alilitazama kopo kama vile kuna mtu kamtilia mkononi. "Hii ni... hii ni ya samaki, mama."

"Ahaa," alisema mama. "Basi mpe mwenzangu. Mimi nimeshakunywa uji."

Mwenyekiti alikuwa buheri wa afya. Pezi lilikuwa limeanza kuungana, wekundu wa ubavuni umefifia, na alipoona punje za chakula alipanda juu kwa ulafi ule ule wa zamani. Meneja alijifuta jicho.

"Dada, umeniokoa. Jumatatu mnarudi wote wawili." Akakohoa kidogo, akairudisha sauti yake ya ofisini. "Na yule Shangazi nimemalizana naye. Jumatatu haji."

Katibu aligeuka. "Ulisema akifa, bosi. Hakufa."

"Uzembe ni uzembe. Anayeacha tangi wazi leo, kesho ataacha mlango wa ofisi. Amelia weee! Nikamwambia, Shangazi, machozi hayafuniki tangi."

Alilipenda neno lake. Akacheka peke yake.

Katibu alimrekebishia mama yake shuka miguuni, polepole, kona kwa kona. Kisha akasimama, akamkazia macho bosi wake.

"Mrudishe Shangazi kazini," alisema. "Samaki wako hakuruka. Nilimtoa kwa mikono yangu, nikamlaza zuliani, nikangoja viatu vyako vilie kwenye ngazi. Na msamaha siombi."