Boliti ya Juu

Tik. Gari likanyamaza.

Chapuchapu akageuza ufunguo tena, nalo likasema tik ileile, kama mtu anayebonyeza kalamu. Taa za dashibodi zilikuwa kali, kwa hiyo betri haikuwa na kosa. Kilichokufa ni stata, ile mota ya kuwashia injini.

"Saa ngapi sasa, mama?"

"Saba na robo." Mke wa mzee alisimama kando ya mlango wa gari, simu mkononi. "Saa tisa ndiyo mwisho, mwanangu. Daktari kasema baada ya hapo hawasubiri tena, wanazima mashine."

Mzee alikuwa na siku kumi na moja hospitalini, macho yamefumba. Mkewe kamwita, wajukuu wamemwita, ameombewa mpaka watu wakakauka koo, na hakutikisa hata kidole. Wakati huu binti yake alikuwa kando ya kitanda, simu yake wazi, na kila baada ya muda mama alimwambia, "Usikate."

Chapuchapu alivua shati akajisukuma chini ya gari. Lilikuwa gari kubwa la zamani, la kupandia njia mbovu, na mzee hakuwahi kumruhusu fundi mwingine aliguse. Mchana huu mama mwenyewe alikuwa amekuja kumtoa Chapuchapu gereji kwake, akisema gari linatoa tik tu, naye akabeba stata nyingine. Mafundi wamejaa mji mzima, akamfuata yeye. Jambo hilo alikuwa akijiuliza tangu walipotoka gereji.

Maana hilo jina lake alibandikwa na mzee. Alijifunza kazi kwake miaka minne, na miaka yote minne alisikia wimbo mmoja: mikono mizuri unayo, unakimbizwa na nani? Mzee alitambua ugonjwa wa gari kwa sikio, hata likiwa bado kule kwenye kona. Kisha siku moja stata aliyoifunga Chapuchapu ikalegea, ikawa inakwaruza, gari la mteja likalala njiani na watoto ndani. Mzee alimwonyesha lango. Miaka sita sasa, hata salamu hawakupeana. Kila mwaka Chapuchapu alisema atakwenda kuomba radhi, na kila mwaka kiburi kilimrudisha nyuma. Leo alilala chali kwenye vumbi la ua wa mzee, akimwomba Mungu ampe saa mbili tu.

"Mama, si bora nikuitie teksi?"

"Teksi haitanisaidia. Nataka hili liwake."

Aliona ni ubishi wa mapenzi. Anataka mumewe, mzima au maiti, arudi nyumbani kwa gari lake mwenyewe. Nani angembishia?

"Tairi la nyuma limelala, lakini. Na mafuta yaliyomo hayafiki hata barabara kuu."

"Achana na tairi. Wewe shughulika na stata."

Alikwishachomoa waya wa betri. Boliti ya chini ilikubali haraka. Ya juu ilijificha nyuma ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki na mkono unaingia kwa kuchubuka. Ikamgomea. Aliimwagia mafuta, akaigonga, akaibembeleza, akaitukana kimoyomoyo ili mama asisikie. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ilipoachia, saa nane na nusu ilikuwa imepita, na stata ikamdondokea kifuani ikamtoa pumzi.

"Wanasemaje huko?" aliuliza alipoweza kusema.

"Madaktari wamefika mlangoni." Mama aliinama kuchungulia chini ya gari. "Fanya, mwanangu. Fanya."

Akaichukua stata aliyokuja nayo, akaipandisha kwa mikono miwili iliyokuwa inateleza. Ya chini akaikaza sawasawa. Ya juu akaishikisha kwa vidole, akatia spana, ikageuka nusu, ikageuka nusu tena, kisha spana ikaanza kugonga bomba. Ilitaka kukazwa zaidi. Alijua. Ilitaka atoke, atafute spana fupi, arudi tena chini.

"Itashika," alijiambia. Ndilo neno alilojiambia miaka sita iliyopita.

Alipotoka na kurudisha waya wa betri, ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne. Hospitali ni nusu saa kwa gari zima. Alifungua mlango wa abiria huku machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Ingia, mama. Tutakwenda hivyohivyo na tairi lililolala."

Mama hakuingia. Alizunguka mbele, boneti ikiwa bado wazi, akainama na kuilaza simu juu ya injini.

"Mwekee sikioni," aliiambia simu. Kisha akainua uso. "Washa."

Chapuchapu alimtazama, akatazama simu, akakaa kwenye usukani. Akageuza ufunguo. Stata ikakwaruza mara moja, injini ikashika, ua mzima ukajaa ngurumo. Mama alihesabu kwa midomo mpaka kumi, akapunga mkono, naye akazima.

Kwenye simu ilisikika milio ya mashine za wodini. Kiti kikavutwa. Daktari akaanza kusema pole, taratibu, kama wanavyosema. Mama alishika ukingo wa boneti kwa mikono yote miwili.

Ndipo binti akapiga ukelele, na baada ya ukelele ule ikaja sauti nyingine, kavu, ya mtu ambaye hajaonja maji siku kumi na moja.

"Mwambieni Chapuchapu, boliti ya juu hajaikaza."