A ya Kiangazi

Siku ya nne, fundi cherehani alipoingia ofisi ya walimu na kitambaa chake mkononi, hakuna aliyemuuliza tena anamtaka nani. Aliketi kwenye kiti kile kile mbele ya meza ya mwalimu wa hesabu, akatunga uzi, akaendelea kushona upindo wa sketi ya mteja.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Kiangazi, kwa kuwa kwake alama hazikudondoka hata tone. Mitihani aliitunga mwenyewe, akaisahihisha mwenyewe, na A yake ilianzia tisini na tano. Mwaka huu, aliyekuwa wa kwanza darasani alipata sabini na moja. Akapewa C. Huyo wa kwanza alikuwa binti wa fundi.

"Umeamkaje, mama," alisema Kiangazi bila kuinua uso.

"Salama, Mwalimu. Nimekuja kwa ile C."

"Bado ni C."

"Basi nangoja. Labda itakua."

Fomu ya chuo cha uuguzi ilikuwa mezani, na mwisho wa kuipeleka ni kesho. Upande wa hesabu ilikuwa na kisanduku kimoja, cha kuenea herufi moja tu. Hapakuwa na mahali pa kueleza lolote. Binti alikitaka chuo hicho tangu ana miaka tisa, siku sindano ya cherehani ilipopenya kidole cha mama yake, naye akakifunga kwa leso huku akimwambia, "Angalia dirishani, Mama, usiangalie huku."

"Shule ya pili, hapo ng'ambo ya barabara, A inaanzia sitini," alisema fundi. "Jirani yangu ana mtoto wake pale. Ukimuuliza saba mara nane, anatoka nje kupunga hewa. Ana A."

"Huyo si mwanafunzi wangu."

"Ndiyo maana ana A."

Mwalimu wa jiografia akakohoa ili asicheke.

"Mama, chuo wananijua," alisema Kiangazi. "Nimewapelekea watoto miaka ishirini na miwili."

"Wanakujua wewe. Mwanangu wanamjulia wapi? Watakachokiona ni C, basi." Fundi akakata uzi kwa meno. "Nikuulize jambo moja, Mwalimu, kisha nikuachie meza yako. Katika watoto wote uliowahi kuwafundisha, nani amempita huyu?"

Kiangazi akafikiri. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mwongo. Hesabu akishapewa, ataifanya hata kama jibu lake linamuuma.

"Hakuna," alisema.

"Sasa hiyo A unamwekea nani? Maana mwakani unastaafu."

Kiangazi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Akaivuta fomu. Akaandika A, polepole, kama mtu anayejaribu herufi ya lugha ya kigeni, kisha akagonga mhuri.

"Ni haki yake," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Fundi akatunga uzi mpya. Kifungo cha koti la mwalimu kilikuwa kinaning'inia. Akakishona, akaenda zake.

Wiki sita baadaye majina yalibandikwa ukutani chuoni. Mama na binti wakayapitia kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Wenye C watatu wa darasa lile walikuwemo. Hata yule aliyekaa na binti dawati moja, mwenye D, alikuwemo. Binti hakuwemo. Wakarudia kutoka chini hadi juu.

Fundi akaenda dirisha la karani. "Dada yangu, mbona mwenye D amepita, na mwanangu mwenye A hayumo?"

Karani akauliza shule, akaambiwa. Uso ukamchangamka.

"Kumbe kwa Kiangazi! Mama, hapa kila shule ina kipimo chake. Zile A za ng'ambo ya barabara kwenu tunazihesabu D. Za Kiangazi tunazipandisha. D yake ni B. C yake ni A. Mwenye C ya Kiangazi hatumuulizi hata swali, tunampa ufunguo wa bweni."

"Na A yake?"

Karani akafungua faili, akalisoma, akalifunga taratibu.

"Hiyo haijawahi kutufikia. Fomu ya binti yako ipo kwa wapelelezi wa vyeti vya kughushi. Wanasema aliyeuiga mhuri amejitahidi sana, ila ni wazi hajawahi hata siku moja kukaa mbele ya Kiangazi."