Glasi ya Ijumaa

Tangu kila nyumba ianze kunywa majitaka yake yenyewe yaliyosafishwa, Mwanakombo huchota glasi moja ya tope kutoka tangi la kusafishia lililo uani kila Ijumaa na kuiweka dirishani. Vijidudu vinavyosafisha maji vikiwa hai, tope la kahawia hutuama na maji maangavu hubaki juu. Leo lilikuwa la kijivu, limegoma kutuama. Pampu ya hewa ilinguruma kama kawaida na mapovu yalikuwepo, hivyo vijidudu havikukosa hewa. Basi kuna mtu kameza antibayotiki kwa siri, ikashuka na choo na kuviua, na mgonjwa wa kuhitaji dawa hiyo kwa sheria hupelekwa kutengwa kambini.

"Unaumwa?" alimuuliza mumewe.

"Labda ni sabuni tu," Shomvi alijibu, akakoholea kiganjani.

Mwanakombo hakubishana. Alibeba ndoo hadi kwa jirani, Bi Siwatu, kuomba tope lenye vijidudu hai la kupandikiza tangini kabla mkaguzi wa matangi hajapita.

"Sabuni imetuharibia tangi, bibi."

Bi Siwatu alimjazia nusu, akaifunika ndoo kwa kanga.

"Beba taratibu, mwanangu. Hii ni ndoo ya sita tangu Jumatatu, na wote wanasema ni sabuni."