Msaliti wa Kura Moja

"Shika! Halafu uape!"

Brundaban Swain alimtilia dereva wake kiganjani punje za wali mkavu wa hekalu la mungu Jagannath mjini Puri, wali ambao jimbo zima la Odisha, huku India, hakuna anayeushika akasema uongo.

"Naapa kwa Jagannath, Mheshimiwa," alisema Sanatan. "Nilibonyeza kiti."

Nje fataki zililia. Vijana wa chama walipita getini wakipiga kelele, "Mzee, chukua kiti chako ukakikalie barazani!"

Miaka thelathini na mitano alikuwa mbunge wao kwa alama ya kengele. Aliichora kwenye kuta, akaifunga kwenye magari, hata wajukuu walimwita Babu Kengele. Safari hii chama kikampa kijana mmoja kengele hiyo, naye mzee kwa hasira akagombea bila chama, kwa alama ya kiti. Wapiga kura wengi huku hutafuta picha kwenye mashine ya kura wakaibonyeza, hawasomi majina. Basi alihubiri kiti, kiti, kiti, mpaka sauti ikamkauka.

Kengele ilimshinda kwa kura moja. Zilihesabiwa tena, jibu likawa lile lile.

Angeshindwa kwa elfu kumi angelala. Lakini kura moja ni mtu mmoja, na moyo ulimwambia mtu huyo anakula kwake. Mpishi aliapa huku akilia. Mdogo wake mzee aliapa, akaondoka bila kuaga. Brundaban hakujali. Bila ubunge hakujua kesho aamke afanye nini.

Akamgeukia mkewe, Kumudini.

"Hata mimi, Baba Jhuma?"

"Hata wewe! Maisha yako yote umebonyeza kengele. Umezoea!"

"Ndiyo maana niliogopa kukosea. Nilikitafuta hicho kiti chako mpaka karani akanikemea, 'Mama, unalala humo?'" Akaupokea wali, akaapa bila kupepesa macho. Kisha akaukamata mkono wa mumewe, akamwekea punje zile. "Haya, na wewe apa, tumalize wazimu huu."

"Mimi?" Alicheka kwa uchungu, akafumba kiganja, akafungua mdomo.

Neno halikutoka. Alikuwa akikiona tena kile kikaratasi cha kumwonyesha mpiga kura alama aliyobonyeza, kilichochungulia nyuma ya kioo cha mashine siku ya kura, na juu yake kengele, aliyoitazama akatabasamu kama alivyozoea.