Utepe wa Njano kwenye Koki

Pale maabara, Zdislava alishika bomba la gesi ya heli linalotoka kwenye mtego wa baridi, akakuta lina joto la chumba.

“Mzee, mbona halina barafu?”

Kila asubuhi huo mtego tunaumwagia naitrojeni ya kimiminika ili unyevu wa heli ugande humo. Unyevu ukipita, ioni hudakwa na maji kabla hazijakutana na klorofomu, na kasi unayoipima inakuwa ya uongo. Alikuwa ameipima miaka minne. Keshokutwa angesimama mbele ya maprofesa wa Praha kutetea tasnifu yake ya udaktari iliyojengwa juu ya vipimo hivyo.

“Labda mtego umechoka kama mimi,” nikasema.

Hakucheka. Aliinama chini ya meza akalifuata bomba kwa kidole mpaka kwenye koki ya njia ya pembeni. Ilikuwa wazi. Heli yote ilikuwa inaukwepa mtego.

Kwenye mpini palikuwa na utepe wa njano. Hapa hakuna anayegusa koki bila kubandika utepe na kuandika tarehe. Nilimfundisha hivyo siku yake ya kwanza, hata koti hajavua.

Aliubandua, akaufuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma tarehe.

“Wiki moja kabla sijaja,” akasema. “Na mwandiko ni wako.”

Nikaiweka chini chupa ya naitrojeni.

Koki hakuifunga. Akaurudisha utepe palepale, akaubonyeza kingo zote ushike.

“Mama amekuokea keki, Mzee. Iko kwenye mkoba wangu.”