Mwizi Asiyependa Mawingu

Mwizi wa maji alikuwa haji usiku. Hilo ndilo lililomkosesha raha Telesphor, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji chao huko Kabungu.

Jioni alinyunyiza majivu kuizunguka chemchemi. Alfajiri akayakuta vile vile, hayana unyayo hata wa panya, na maji yamepanda. Watu wakachota ndoo mbili kila nyumba, si zaidi, kisha yeye akachomeka ufito wenye alama za kisu na kukaa kulinda. Hakuja mtu. Hakuja ng'ombe. Lakini kufika saa kumi alasiri maji yalikuwa yameshuka alama tatu, mbele ya macho yake.

Alilinda akiwa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye mmoja wa miti yake. Aliipanda arobaini kuzunguka chemchemi, miaka saba iliyopita, na alipewa cheti kwa kulinda chanzo cha maji. Sasa ilikuwa mirefu, imenyooka, na upepo ukivuma ilinukia dawa ya mafua. Septemba ile Kabungu nzima ilikuwa imekauka. Hapo tu ndipo palipobaki kijani.

"Bila hii miti," alizoea kusema, "tungeshahama wote."

Jumatano kukawa na mawingu mazito, mvua hakuna. Siku hiyo maji hayakushuka kabisa. Telesphor alikuwa bado anaushangaa ufito alipopita Nyanzala, mjane wa Kisukuma ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na chemchemi.

"Leo hatakuja, mwenyekiti," alisema. "Huyo mwizi wenu hapendi mawingu. Namfuatilia tangu Juni."

"Umemwona?"

"Kumwona sijamwona. Naona maji."

Telesphor alimsimulia mkewe Lucia. Lucia naye akawasimulia wenzake wa kwaya, na kufika Ijumaa kitongoji kizima kilijua kwamba kuna kikongwe anayejua saa za mwizi asiyeonekana. Kikaitishwa kikao.

"Bibi, umejuaje?" Telesphor aliuliza.

"Kwani nyie hamuangalii? Jua likiwa kali, yanashuka. Likizama, yanarudi."

"Na mwizi ni nani?"

"Ningemjua ningenyamaza?"

Watu wakaguna. Mmoja akatamka neno uchawi, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia neno jingine. Walimpa mpaka Jumapili awe ameondoka. Nyanzala hakulia. Aliomba tu mtu amfyekee kaburi la mumewe, maana mwenyewe hatakuwepo. Telesphor aliona aibu, aibu ya kweli, lakini nyumba thelathini zilikuwa zinamtazama na mvua ilikuwa bado miezi miwili. Akanyoosha mkono pamoja na wengine.

Jumapili asubuhi Methusela, mwana wa Nyanzala, alikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Walipakia kitanda, sufuria, kuku wanne na gunia la mahindi. Methusela hakumsalimia mtu. Mama yake ndiye aliyegeuka.

"Mwenyekiti," alisema, "yakirudi, mniletee habari. Na mimi ningependa kujua."



Mkokoteni ulipopotea nyuma ya kona, Telesphor alichukua jembe akashuka kwenye chemchemi kuichimbua, ili maji yakirudi yakute nafasi. Mwizi alikuwa ameondoka. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono tu. Alipiga mara mbili. Mara ya tatu jembe likanasa.

Akainama, akavuta, akidhani ni kamba ya ndoo iliyozama. Ulikuwa mzizi, mweupe, umelowa. Nyuma yake kulikuwa na mingine mingi, imesukana kama mkeka, ncha zote zimezama majini. Akaushika mmoja, akaufuata kwa kufukua ukingo. Hatua mbili. Hatua nne. Hakuuachia, mpaka ukamfikisha kwenye kigoda chake, kikiwa bado kimeegemea shina.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nyuma yake, kwenye ufito, maji yalishuka alama moja.