Kaimu Asiyeonekana

Mhadhiri aligonga mlango wa mkuu wa idara kwa mara ya nne asubuhi hiyo. Kimya. Akachungulia tundu la ufunguo: kiti kitupu, na ukutani kalenda ya mwezi uliopita.

"Kaimu wetu bado hajaonekana?" aliuliza mwenzake, Mama Ramani, mwalimu wa jiografia. Alikuwa ameketi kwenye ngazi na rundo la mitihani mapajani, kwa kuwa ofisi yao ilikuwa na watu watano na viti vitatu.

"Wiki ya tatu hii," alisema mhadhiri. Sauti ilimtoka kwa shida. Alikuwa akifundisha wanafunzi mia nne kwa kupayuka tangu kipaza sauti kilipokufa, na ombi la kipya lilingoja sahihi ya mkuu. Mitihani ya Jumatatu nayo haikuweza kuchapwa bila sahihi hiyohiyo.

Mkuu wa zamani alikuwa ameenda masomoni. Utawala ulisema umeshateua kaimu. Ni nani, idara nzima haikujua.

"Labda walituandikia," alisema Mama Ramani.

"Dada yangu, nani ana muda wa kusoma barua za utawala? Mimi hata za mke wangu nasoma kichwa cha habari tu."

Mchana uvumilivu ukamwishia. Akaandika malalamiko kurasa mbili, moto mtupu: kaimu huyu ni mvivu, hana haya, amepewa kiti na hajawahi kukikalia hata siku moja. Wenzake kumi na mmoja wakatia sahihi. Mama Ramani akaongeza neno "kabisa" baada ya "mvivu".

Akazipeleka kurasa hizo mwenyewe kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, mama mmoja mpole asiyependa makelele. Naibu alizisoma polepole hadi mwisho.

"Maneno makali haya."

"Anastahili makali zaidi, mama. Mtu wa namna hii anaua chuo."

"Umejaribu kuzungumza naye?"

"Nitazungumza naye wapi? Hata kivuli chake sijakiona."

Naibu akaagiza faili la uteuzi. Lilipoletwa, akalipekua huku akitikisa kichwa.

"Ni kweli hajaripoti. Tumemwandikia mara tatu, hajajibu hata moja."

"Si unaona?" Mhadhiri alijiegemeza kitini, moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. "Dharau tupu. Mama, huyu asionewe huruma."

"Hataonewa."

Naibu akavaa miwani, akasoma tena jina lililokuwa kwenye barua ya uteuzi, kisha akalilinganisha na jina la kwanza chini ya malalamiko.

"Hongera kwa cheo, daktari," alisema, akimsogezea kalamu. "Tia sahihi hapa kwamba umepokea. Halafu kesho saa mbili niletee utetezi wako."